Redio Zisizosikilizana



Mjini New York, tarehe 11 Septemba 2001, polisi waliokuwa katika helikopta walitangaza ya kwamba jumba la kaskazini halitasimama muda mrefu. Wakuu wa zimamoto hawakulipata onyo hilo, maana redio zao hazikuungana na za polisi. Saa 4.28 asubuhi jumba likaanguka. Wazimamoto 343 walikufa siku ile.

Chombo cha kuunganisha kipo: redio moja ya kila idara hufungwa kwa waya katika sanduku, na sauti iingiayo kwa hii hutokea kwa ile. Twaona sanduku ni jambo jepesi. Nani ataliwasha, kwa amri ya nani? Na maneno ya mkato ya polisi, wazimamoto watayafahamuje? Hayo, mabwana, ni kazi ya makarani: huandikwa na kutiwa sahihi kabla moto haujawaka.