Kigari cha Mtoto: Lini Atazame Mbele?

Leo twataka kusema nanyi habari ya jambo dogo la nyumbani ambalo ndani yake mna jambo kubwa. Ni habari ya kigari cha mtoto, kile cha kusukumwa kwa mikono. Swali letu ni hili: mtoto mchanga aanze lini kuketi humo akitazama njia iliyo mbele, na kumpa kisogo yule anayemsukuma?

Huenda mtu wa shamba akasema, "Hayo ni mambo ya mjini, mtoto wetu hubebwa kwa mbeleko." Twamwomba asiondoke. Ndugu wa mjini huja shamba na vitu vyao, na kigari ni kimoja katika vitu hivyo. Tena mwili wa mtoto una kanuni moja tu, awe katika kigari, awe mgongoni, awe juu ya mkeka.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Mtoto wetu wa kwanza alipotimiza miezi mitatu, ndugu yetu mmoja alituletea kigari kizuri chekundu, chenye magurudumu manne na kiti cha kitambaa kilichoelekea mbele. Tulifurahi mno. Jioni ile ile tulimvika mtoto nguo mpya, tukamketisha humo, tukashika njia kutoka Ngamiani, mjini Tanga, kwenda upande wa Raskazone, ili apate upepo wa bahari na kuona watu. Njiani kila aliyetukuta alikisifu kigari. Sisi tulikuwa nyuma, tukisukuma na kuitikia salamu, wala uso wa mtoto hatukuuona.

Tulipokaribia pwani, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akija mbele yetu alisimama ghafula. Hakungoja shikamoo yetu. Aliinama, akauinua uso wa mtoto kwa kiganja cha mkono, kisha akatuambia, "Wanangu, mwasukuma nini? Kidevu cha mtoto kimelala kifuani."

Tulizunguka mbele, tukatazama. Kweli mtoto alikuwa amejikunja kama gunia lisilojaa, kichwa kimeanguka, na pumzi yake yakoroma. Alipoinuliwa alivuta pumzi ndefu, akalia. Nasi hatujapata kusikia kilio kitamu kama kile. Yule mama hakutugombeza. Alivua kanga aliyojitanda, akatusaidia kumfunga mtoto kifuani pa mama yake, uso ukiwa wazi, nasi tukarudi nyumbani tukisukuma kigari kitupu. Kanga yake tulimpelekea kesho yake asubuhi, na maneno aliyotuambia siku ile ndiyo chanzo cha hotuba hii.

Basi kwa nini mtoto alijikunja vile? Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa na kizito kuliko kadiri ya mwili wake, na shingo yake bado haina nguvu ya kukichukua. Akiketishwa wima kabla ya wakati wake, kichwa huanguka mbele na kidevu hugandamiza kifua. Ninyi watoto wa shamba mwajua kikonyo cha jani la mpapai, kilivyo na uwazi ndani. Kikiwa kimenyoka, mwaweza kupuliza pumzi ikapita, kikikunjwa, haipiti. Njia ya pumzi ya mtoto ni nyembamba na laini, nayo ikikunjwa huzibika vivyo hivyo. Tena hatari hii haipigi kelele. Mtoto mwenye njaa hulia, na mtoto aliyechomwa na mwiba hulia. Lakini mtoto asiyepata pumzi ya kutosha huenda akanyamaza tu, nawe ukadhani amelala usingizi mwema.

Kwa ajili hiyo, mtoto wa miezi ya kwanza yampasa kulazwa chali mahali palipo sawa, penye godoro gumu kidogo. Viko vigari vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, vyenye kitanda kidogo mahali pa kiti, na viko vingine ambavyo kiti chake hulazwa hata kikawa sawa kabisa. Kigari chenye kiti cha kuketi tu si cha mtoto wa umri huo, hata kikiwa kizuri namna gani, wala kumtilia mto nyuma ya kichwa hakumsaidii, maana mto huzidi kukisukuma kichwa mbele.

Sasa, lini aweza kuketi? Watu hupenda kuambiwa idadi ya miezi, na idadi ipo. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza uchunguzi wa watoto 816 wa nchi tano, nazo ni Ghana, Uhindi, Norwei, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba watoto wenye afya huanza kukaa kitako bila kushikwa wakiwa na miezi sita kwa wastani. Lakini sikilizeni vema: wengine waliweza kabla ya kutimiza miezi minne, na wengine walikawia hata wakapita miezi tisa, na wote hao walikuwa wazima. Basi miezi sita ni alama ya njiani tu. Asiyefika siku hiyo si mgonjwa, wala aliyetangulia hakuwashinda wenziwe.

Kwa hiyo, badala ya kuhesabu miezi tu, mtazameni mtoto mwenyewe. Yako mambo matatu ya kutazama.

La kwanza ni shingo. Je, mtoto amekaza shingo? Mbebeni wima, mkatembee naye taratibu. Kichwa kikisimama imara, naye akaweza kukigeuza huku na huku kufuata sauti bila kuyumba, shingo imeanza kukomaa. Watoto wengi hufika hapo karibu na mwezi wa nne. Lakini shingo peke yake haitoshi.

La pili ni mgongo. Mketisheni juu ya mkeka, ninyi mkiwa karibu kumdaka. Akiinama kama upinde, au akianguka ubavuni mara mkono wenu unapomwacha, wakati haujafika. Akikaa mgongo umenyoka, mikono yake ikawa huru kushika kijiko au kikombe cha kuchezea, huyo ameanza kuwa tayari kuketi katika kigari.

La tatu ni uchovu. Mtoto aliyeketi vizuri kwa dakika chache mkekani huenda asiweze kuketi vile mwendo mzima wa kwenda sokoni. Kwa hiyo safari za kwanza ziwe fupi, na kiti kiwe kimelala nyuma kidogo. Akishikwa na usingizi, simameni mkilaze kiti. Kama kiti hakilali, mtoeni mtoto mkambebe.

Tena yuko mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Huyo asihesabiwe tangu siku aliyozaliwa, bali tangu siku aliyotazamiwa kuzaliwa. Na mtoto ambaye miezi tisa imempita naye hajaweza kukaa, apelekwe kliniki akatazamwe. Si kwa hofu, bali kwa sababu msaada wa mapema ni bora kuliko wa baadaye.

Haya, tuseme mtoto wetu amekaza shingo na mgongo. Je, mara hiyo tumgeuze atazame mbele? Hapa ndipo penye jambo la pili, ambalo wengi hawalifikiri. Kuweza kuketi ni jambo moja, na kuupoteza uso wa mzazi ni jambo jingine.

Vigari vya watoto vilianza kuwa vitu vya matajiri. Huko Uingereza, mwaka 1733, fundi aliyeitwa William Kent alimtengenezea Duke wa Devonshire kigari cha watoto wake, nacho kilikuwa cha kukokotwa na mnyama mdogo. Baadaye vikaja vigari vya kusukumwa. Mwaka 1889 William H. Richardson wa Baltimore, Marekani, alipata hati ya kigari ambacho kitanda chake kiliweza kugeuzwa, mtoto akamtazama mzazi au akaitazama njia. Kisha mwaka 1965 Owen Maclaren, Mwingereza aliyekuwa mjuzi wa kuunda ndege, alibuni kigari chepesi cha aluminiamu kinachokunjwa kama mwavuli. Kigari hicho kilikuwa faraja kubwa kwa watu wanaopanda mabasi na ngazi, nacho kilielekea mbele. Vigari vyepesi vya namna hiyo vikaenea duniani, na watoto wengi wakageuzwa mbele, si kwa kuwa wamefikia wakati, bali kwa kuwa ndivyo vigari vyao vilivyoundwa.

Mwaka 2008 bibi mmoja mtaalamu, Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskochi, alitangaza uchunguzi juu ya jambo hili. Watu waliwatazama wazazi na watoto zaidi ya 2,700 wakipita njiani. Ilionekana kwamba wazazi waliosukuma watoto wanaowatazama usoni walisema nao zaidi kuliko wale waliosukuma watoto waliowapa kisogo. Nasi hatuoni ajabu. Nani huzungumza na kisogo? Mtoto akionyesha kidole mbuzi, mzazi aliye nyuma hakioni kidole. Mtoto akikunja uso kwa hofu ya lori, mzazi haoni hofu. Na mtoto hujifunza maneno kwa kuyasikia na kwa kutazama midomo na macho ya anayeyasema.

Mama wa mbeleko, je? Mtoto wa mgongoni haoni uso wa mama yake wakati wote, lakini asikia sauti yake ikitetema mgongoni, apata joto lake, na uso wake u karibu na nyuso za watu wanaomwamkia mama. Mtoto wa kigari kinachoelekea mbele hana mgongo wa kuegemea wala uso wa kutazama. Basi twasema hivi: baada ya miezi sita, mtoto anayekaa vema aweza kutazama mbele, lakini hakuna sharti wala haraka. Kama kigari chenu hugeuzwa, mwacheni awatazame ninyi hata karibu na mwaka mmoja, au zaidi akipenda. Mkimwona ajipindua kila mara kutazama ya mbele, mgeuzeni kwa muda. Akiogopa umati au kelele, mrudisheni. Na kama kigari hakigeuki, simameni mara kwa mara, mzunguke mbele, mkamtazame na kusema naye.

Kabla hatujawaaga, tuna maonyo machache. Mfungeni mtoto mikanda siku zote, hata kama mwendo ni mfupi. Kazeni breki kila msimamapo, maana njia iliyo sawa machoni huenda ina mteremko. Msitundike vikapu vizito katika mpini, kwa kuwa kigari huweza kupinduka nyuma. Wala msifunike kigari kizima kwa kanga au blanketi kwa ajili ya jua. Hewa haipiti, na joto ndani huzidi upesi. Tafuteni kivuli cha mti. Tena msifananishe kigari hiki na kiti cha mtoto cha ndani ya motokaa. Humo ni afadhali mtoto akae muda mrefu zaidi akitazama nyuma, maana motokaa ikigonga kitu, kiti hukiegemeza kichwa na shingo. Kanuni ya nchi za Ulaya iliyoanza mwaka 2013 yamtaka mtoto akae hivyo mpaka apite miezi 15.

Nanyi wanafunzi, mara nyingi ninyi ndio mnaotumwa kuwasukuma wadogo zenu. Msishindane mbio. Mtoto yule wa kigari chekundu leo anasoma shule, naye ana mdogo wake. Hatukumfundisha, lakini amesikia mara nyingi habari ya yule mama wa Raskazone. Basi kila anaposukuma kigari, baada ya hatua chache husimama, huzunguka mbele, huinama kutazama kidevu cha mdogo wake, humchekea, kisha hurudi nyuma na kuendelea. Huchelewa kufika, nasi hatumwambii aharakishe.