Mgeni Katika Chuo cha Annapolis

Sheria ya Marekani inaruhusu wanafunzi wa kigeni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja katika Chuo cha Jeshi la Majini, Annapolis. Matsumura Junzo wa Japani alihitimu hapo mwaka 1873, kisha akapanda vyeo hadi makamu admirali kwao.

Mgeni hapendelewi. Mwaka wa kwanza ukiisha, naye hupandiana mabegani na wenzake kwenye mnara wa Herndon, mita 6 na ushei, uliopakwa mafuta ya kupikia, hadi mmoja aing'oe kofia ya kuruta iliyo kileleni.

Gharama hulipwa na nchi yake, isipokuwa Marekani ikisamehe. Akihitimu hapati cheo katika jeshi la Marekani, anarudi kwao. Serikali iliyomtuma imwandalie meli mapema, si meza ya ofisini.