Nchi ya Brazili na Mikanju ya Kibarani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na jamaa zao, Kibarani, Kilifi)



Mtakumbuka ya kuwa katika mkutano uliopita tulianza na habari za ada ya chama tukaishia kwenye mikanju. Baadhi ya ndugu zetu walisema mikanju ya baba zetu imezeeka, na bei ya korosho ni ya kuchekesha, basi heri tuikate tuchome makaa. Mzee mmoja akasimama akauliza, "Huo mkanju asili yake ni wapi?" Wengi wakajibu ni hapa hapa. Sisi tuliposema umetoka Brazili watu walicheka, na kijana mmoja akasema Brazili ni nchi ya mpira tu. Kamati ikatupa kazi: tukasome habari za nchi hiyo, kisha tuje tuwaeleze. Sisi si walimu. Shule yetu ni ya msingi ya misheni, na kazi yetu ni ya reli. Tutasema kwa kadiri ya tuliyoyasoma.

Kwanza tujue iko wapi. Ukisimama ufukweni Malindi ukaitazama bahari, Brazili iko nyuma ya kisogo chako. Huna budi kuvuka Kenya, Uganda na Kongo, ufike bahari ya Atlantiki, uivuke nayo, ndipo uione pwani yao. Lakini liko jambo lililotushangaza tulipofungua ramani. Mji wa Kilifi na mji wao wa Fortaleza, ambao ni mji mkuu wa jimbo la Ceará, yote miwili iko kusini mwa Ikweta kwa digrii tatu na nusu na kitu kidogo. Ni kama mtu amepiga mstari kwa rula. Jua linalotuchoma sisi saa sita ni lile lile linalowachoma wao, ila wao huchelewa kuamka kwa saa sita.

Ukubwa wake ni kilomita za mraba milioni 8.5. Kenya yetu ni kama 580,000. Kwa hiyo ungeweza kuzipanga Kenya kumi na nne ndani ya Brazili na nafasi ikabaki. Watu wake walipohesabiwa mwaka uhuru wao ulipotimia miaka mia mbili, yaani mwaka 2022, walikuwa milioni 203. Sisi Kenya nzima mwaka 2019 tulikuwa milioni 47 na nusu, na Kilifi peke yake watu 1,453,787. Katika kila Wabrazili mia moja, themanini na saba huishi mijini. Mji wa São Paulo peke yake una watu zaidi ya milioni 11. Makao makuu ya serikali yalikuwa Rio de Janeiro, mpaka mwaka 1960 yalipohamishiwa Brasília, mji uliojengwa upya kabisa katikati ya nchi.

Upande wa kaskazini ni mto Amazoni na msitu wake, ambao kila mtu amekwisha usikia. Hatutakaa huko. Kusini ndiko kwenye viwanda na mashamba makubwa ya kahawa. Sisi twataka mtazame upande wa kaskazini mashariki, ambao wao huuita Nordeste. Huko pwani kuna minazi na mchanga mweupe, na ukienda bara kidogo nchi inakauka, mvua inadanganya, miti ni ya miiba. Mwenye kujua njia ya kutoka Kilifi kwenda Ganze na Bamba hahitaji kuelezwa zaidi. Nordeste ina watu zaidi ya milioni 54, na kwa muda mrefu ndiyo sehemu yenye ufukara mkubwa kuliko nyingine katika nchi hiyo tajiri.

Sasa ilikuwaje pwani ile ikajuana na pwani hii? Mreno Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na nguzo yake bado iko. Miaka miwili baadaye ukaja msafara wa pili, wa Pedro Álvares Cabral. Huyu alitoka Lisbon mwezi wa Machi 1500, akaenda mbali sana upande wa magharibi, na tarehe 22 Aprili akaiona nchi ya Brazili. Hakukaa. Akageuza tanga, dhoruba ikamzamishia merikebu nne njiani, na mwanzo wa Agosti mwaka ule ule akatia nanga Malindi, akapokewa vizuri na mfalme wa pale na kupewa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Yaani mabaharia walioiona Brazili mwaka ule walikunywa maji ya visima vya Malindi kabla ya kurudi kwao.

Baada ya hapo Wareno wakawa wakipeleka na kuleta. Mhogo umetoka kule. Karanga na nanasi asili yake ni Amerika ya Kusini. Mkanju ni mti wa Nordeste hasa, na hata jina letu la kanju ni neno lao, caju, ambalo Wareno walilichukua kwa wenyeji wa nchi ile. Sisi nasi hatukuwa wa kupokea tu. Mnazi uliopandwa Brazili mbegu yake ni ya bahari yetu hii ya Hindi, na kahawa iliyowatajirisha asili yake ni Uhabeshi. Ukikutana na Mbrazili ukamwambia meza, bendera au leso, atakuelewa, maana na yeye husema mesa, bandeira na lenço.

Lakini merikebu zile hazikuchukua mbegu peke yake. Brazili ndiyo nchi iliyopelekewa watumwa wengi kuliko zote ng'ambo ile: Waafrika kama milioni 4.8 walishushwa huko, na wako waliotolewa Msumbiji, pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1888. Tusiwacheke kwa kuchelewa: hapa pwani ya Kenya ulifutwa mwaka 1907. Na kama watoro wa mashamba ya Malindi na Takaungu walivyojenga kijiji chao Fuladoyo, ndivyo watoro wa kule walivyojenga vijiji msituni, vinavyoitwa quilombo. Mkubwa wao, Zumbi wa Palmares, aliuawa tarehe 20 Novemba 1695, na siku hiyo sasa ni sikukuu ya taifa zima. Katika hesabu ya mwaka 2022 watu wa vijiji vya quilombo walikuwa kama milioni 1.3. Ukijumlisha waliojiandika weusi na waliojiandika mchanganyiko, wanapita nusu ya watu wote wa nchi. Kwa hiyo kijana wetu wa mpira ajue hao anaowashangilia ni jamaa zake.

Tuje kwenye uchumi. Brazili inaongoza dunia kwa kahawa, kwa sukari na kwa soya. Inachimba chuma na mafuta, na umeme wake mwingi ni wa maji. Inaunda hata ndege, na baadhi yake zimenunuliwa na shirika letu la Kenya Airways.

Hapa mtuwie radhi, sisi wa reli tutakawia kidogo. Mwaka 1867 Waingereza walimaliza reli kutoka bandari ya Santos, ikapanda mlima mkali hadi Jundiaí, kazi yake kuteremsha kahawa. Mlima ulikuwa mkali hata mabehewa yakavutwa kwa kamba za chuma. Wazee wetu wa reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, walifanya hivyo hivyo kwa muda kwenye mteremko wa Kikuyu. Na sehemu kubwa ya reli za Brazili ni ya upana wa mita moja, sawa na reli yetu ya zamani. Msidharau upana huo! Iko reli yao ya Vitória kwenda Minas, kilomita 905, ya mita moja, na ni moja ya reli zinazobeba mzigo mwingi sana wa chuma. Nyingine, ya Carajás, ambayo ni pana zaidi, ina treni za mabehewa 330. Fundi wa breki akisikia hesabu hiyo ataomba likizo.

Ila reli hizi zote, zao na zetu, zilijengwa kufuata mzigo, si kufuata watu. Kutoka Mombasa mpaka Kilifi ni kilomita 60 hivi, na tangu reli ianze haijapata kufika hapa. Sisi wenyewe tunafanya kazi ya reli na tunarudi nyumbani kwa matatu.

Sasa makonge, maana hapa wamo ndugu waliokata makonge Vipingo. Mkonge si wa Brazili, ni wa Meksiko. Mjerumani Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na katika miche 1,000 iliyoagizwa 62 tu ndiyo iliyosalimika. Kufika mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000. Kisha kamba za nailoni zikaangusha bei, na Brazili ikachukua nafasi ya kwanza, ambayo imekaa nayo. Imeipataje? Si kwa mashamba makubwa na mashine kubwa kama zetu. Kule Bahia wakulima ni wadogo wadogo, na mashine ni ndogo, ya kuburutwa shambani, iitwayo paraibana. Mtu anasimama mbele yake siku nzima akiusukuma mkonge kwa mkono, jani baada ya jani, kwenye visu vinavyozunguka. Maelfu wamepoteza vidole na viganja. Ndugu zangu, mkisikia katani ya Brazili ni rahisi sokoni, sehemu ya urahisi huo ndiyo hiyo. Katika mji wa Valente wakulima walichoka, wakaanzisha umoja wao mwaka 1980, wakauza wenyewe, na baadaye wakajenga kiwanda chao cha mazulia ya katani.

Wafanyi kazi wa Brazili kwa sheria wametutangulia. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1940, sheria kubwa ya kazi ikatoka tarehe 1 Mei 1943, na tangu mwaka 1962 mwajiri analazimika kulipa mshahara wa kumi na tatu mwisho wa mwaka. Hapa tuliposoma tulipiga makofi peke yetu. Lakini ukisoma zaidi unaona sheria ile iliwasahau watu wa mashamba mpaka mwaka 1963, na watumishi wa nyumbani walingoja mpaka 2013 kupewa haki sawa. Tena serikali ilivifunga vyama vya wafanyi kazi chini ya wizara, na wanajeshi waliponyakua nchi mwaka 1964 viongozi wengi wa vyama walitiwa ndani. Utawala wao ulidumu mpaka mwaka 1985.

Migomo ya mafundi wa chuma wa São Bernardo, iliyoanza mwaka 1978, ndiyo iliyowatikisa. Kiongozi wao, Lula, alizaliwa Nordeste katika ufukara. Mama yake alimpakia yeye na nduguze katika lori mwaka 1952, wakasafiri siku kumi na tatu kwenda kusini kutafuta riziki. Akasoma shule kidogo, akawa fundi, mashine ikamkata kidole. Alichaguliwa rais wa nchi mwaka 2002, na tena 2006 na 2022. Si kila alilofanya limesifiwa, hata gerezani ameingia. Ila mwanachama akituambia kwamba mtu wa darasa chache hana la kusema kwenye mkutano, tutamtajia huyo.

Turudi kwenye mkanju. Karibu na mji wa Natal uko mkanju mmoja ambao matawi yake yamelala chini yakaota mizizi, hata umefunika zaidi ya mita za mraba 8,000. Hizo ni ekari mbili, mti mmoja! Lakini cha kutazama zaidi ni viwanda vya Fortaleza, vinavyobangua korosho, na mikanju mifupi ambayo wataalamu wa Ceará walianza kuitoa miaka ya 1980, ambayo huzaa mapema na kuchumwa bila kupanda. Bibo lenyewe hawalitupi, hulikamua maji ya kunywa yakauzwa kwa chupa. Na imepata kutokea kwamba viwanda vyao viliagiza korosho ghafi kutoka Afrika Magharibi. Korosho ya Mwafrika ikavuka bahari na ganda lake, ikaenda kumpa kazi mtu wa Fortaleza.

Sisi kiwanda tulikuwa nacho, hapa Kilifi, kilichofunguliwa miaka ya 1970. Wako mama zetu humu walioshika kazi pale. Kilifungwa miaka ya 1990, na tangu hapo wengi tumeuza kwa gunia kwa bei ya mnunuzi. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kupeleka nje korosho ghafi, lakini marufuku peke yake haibangui. Msimu mmoja mnunuzi, ambaye hatutamtaja, alitupimia kwa mizani yake, na gunia lililokuwa zito nyumbani likawa jepesi barabarani. Mama zetu wanaokaanga kwenye bati, na mafuta ya ganda yakiwababua mikono, hupata zaidi kwa kilo moja kuliko sisi tulivyopata siku ile.

Kwa hiyo shauri letu kwa ndugu wanaotaka kukata ni hili: kateni ule usiozaa kabisa, na mahali pake mpande mwingine kabla ya masika. Mwaka wa tatu au wa nne utaanza kuzaa. La pili, tununue mizani yetu ya chama, na mama wanaokaanga waletewe mipira ya mikono na wauze kwa jina moja. Mweka hazina amekwisha uliza bei. Daftari la miche liko pale mlangoni, na yule mzee aliyeuliza swali amejiandikisha wa kwanza, miche sita.