Betri Ndogo Ndani ya Mdoli

Msikilizaji, Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, Dar es Salaam, umejaa midoli ya kuwaka taa na kuimba. Ndani yake mara nyingi mna betri bapa kama ya saa, na kifuniko chake wakati mwingine hufunguka kwa ukucha tu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake hukutana na unyevu na kuzalisha kemikali kali inayounguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Ndiyo maana Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 kudhibiti vifuniko vya betri za aina hiyo kwenye bidhaa.

Wapo wanaosema mdoli wa bei nafuu ndio mzazi anaoumudu, na kwamba ukaguzi ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Hoja ya bei ni ya kweli, wala mzazi hastahili lawama. Lakini mpira usio na betri humchezesha mtoto vilevile, na hakuna mkaguzi atakayekaa sebuleni kwako. Kabla hujalipa, geuza mdoli, jaribu kifuniko. Kama hakina skrubu, urudishe. Ukihisi mtoto amemeza betri, usimtapishe. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo, hata kama anacheza.