Mtoto Anapouliza

Likizo yakaribia, na parokia nyingi zaandaa juma la Biblia kwa watoto. Twawasihi makatekista: chagueni kisa kimoja tu kwa juma zima. Tutwae sura ya 2 ya Luka, Yesu hekaluni akiwa na umri wa miaka 12. Nyimbo, michoro na maigizo vyote vitoke humo humo. (Ngonjera ndefu za kumpokea mgeni rasmi zingoje.)

Luka atuambia kwamba baada ya siku tatu wazazi walimkuta kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Mwana wa Mungu aliuliza! Mbona basi wetu wakiuliza twawanyamazisha? Kwa kisa hiki mmoja aweza kusema: “Yesu alitafutwa, akapatikana. Na baba yangu aliyefariki?” Hapo katekista asikimbilie kitabu. Aketi naye, amsikilize, amweleze tunavyosadiki juu ya ufufuko wa wafu. Na jioni afike kwao kumwona mama.

Askofu Charles de Forbin-Janson, alipoanzisha Utoto Mtakatifu huko Ufaransa mwaka 1843, aliwaomba watoto Salamu Maria kila siku na sarafu ndogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao. Hakuwaona kuwa wadogo mno kwa kazi hiyo. Basi siku ya kufunga juma, watoto wote wasali Salamu Maria moja kwa ajili ya wenzao waliofiwa, ndipo waende kucheza.