Je, kituo cha mdogo wako kina kibali?

Leo tuongee kuhusu wale wanaolipwa kuwahudumia watoto na vijana wenye ulemavu. Wao wanachungwa na nani?

Chukulia una mdogo wako mwenye mtindio wa ubongo. Mama yuko sokoni kutwa, wewe uko shule, basi anapelekwa kituoni. Jioni anarudi, kusema hawezi. Utajuaje siku yake ilikwendaje?

Wengine husema, "Aa, wale wanajitolea tu, tutawahoji vipi?" Mimi hilo silikubali. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu makao ya watoto wala kituo cha kulelea watoto mchana kuendeshwa bila kibali, na ofisa ustawi wa jamii anaweza kuingia kukagua. Mwaka huohuo nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 16 kinataka huduma hizi zikaguliwe na vyombo huru. Huru, yaani siyo mwenye kituo ajikague mwenyewe!

Lakini ofisa hawezi kuwapo kila siku. Wewe unaweza kupita. Omba kuona kibali. Halafu nenda siku ambayo hukutoa taarifa, hasa saa ya chakula. Je, mtoto analishwa ameketi, kichwa kimeinuliwa, au kalazwa chali? Akilishwa chali anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni. Asiyeweza kujigeuza, je, anageuzwa? Nyumbani mtazameni makalio na visigino: ngozi iliyobadilika rangi na hairudi kawaida ni mwanzo wa vidonda. Alama za kamba mikononi, dawa za kifafa ambazo hazipungui, kilio kila akimwona mtu fulani: ndivyo anavyowaeleza.

Na kama mwenye ulemavu ni wewe unayesoma hapa? Mlezi akikufunga, akikuvua nguo mbele za watu au akikushika usivyotaka, hulazimiki kunyamaza ati kwa sababu anakulisha.

Mwambie mtu mzima unayemwamini, au ofisa ustawi wa jamii. Simu ya Huduma kwa Mtoto ni 116, haina malipo. Taja jina la kituo, kilipo, tarehe na ulichokiona. Kama hatari ni ya sasa hivi, nendeni polisi moja kwa moja, mwulizie Dawati la Jinsia na Watoto.