Uvimbe Unavyojichimbia Mfereji wa Damu

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu, Babati mjini)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya udaktari. Nitasema juu ya uvimbe na damu.

Saratani huanza kama kikundi kidogo cha chembe zisizotii sheria za mwili. Bila mishipa yake ya damu, kwa kawaida kikundi hicho hakizidi milimita 1 au 2. Hukwama hapo, pengine kwa miaka.

Mnayajua mashamba ya mpunga ya Magugu. Jaruba lisilofikiwa na mfereji halistawi. Mwenye tamaa huutoboa mfereji wa jirani usiku. Uvimbe hufanya vivyo hivyo. Ukikosa oksijeni hutoa kemikali iitwayo VEGF. Mshipa wa karibu ukiipata, huchipua matawi kuuelekea. Mwili hutumia kemikali hiyo hiyo kuponya vidonda. Uvimbe umeiba tu utaratibu. Tangu hapo hukua upesi, na chembe zake huweza kusafiri katika mishipa hiyo hadi mapafuni.

Daktari Judah Folkman wa Boston, Marekani, alieleza jambo hili mwaka 1971, akashauri mifereji izibwe. Wengi walimbeza. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu bevasizumabu, dawa inayoikamata VEGF. Husaidia baadhi ya wagonjwa, lakini mara nyingi haimalizi ugonjwa.

Hapa kwetu mfano ulio wazi ni saratani ya Kaposi, inayosababishwa na kirusi HHV-8, kilichogunduliwa mwaka 1994. Huonekana kama madoa ya zambarau, mara nyingi miguuni. Rangi ile ni ya damu iliyomo katika mishipa mipya, dhaifu, inayovuja.

Mwenzetu mmoja, niliyelala naye bweni moja, aliyaona madoa hayo akayaficha kwa soksi ndefu mwaka mzima. Aliogopa watu watasema ana UKIMWI. Katika mkutano kama huu nilimwona akichechemea. Nikamtania kwamba amezeeka, sikumwuliza. Aliponionyesha mguu, ugonjwa ulikuwa umefika mapafuni. Tulimzika.

Ndugu zangu, wataalamu walikutana Kampala kuijadili saratani hii mwaka 1961, miaka 20 kabla UKIMWI haujatambuliwa. Basi si kila mwenye nayo ana UKIMWI. Na aliye nao, akiwahi, dawa za kupunguza makali ya virusi humsaidia sana, pengine zikiongezwa na dawa za saratani.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Vijana, doa au uvimbe usioeleweka uonyesheni hospitali mapema. Nasi wazee, tukimwona mwenzetu anachechemea, tumwulize kabla ya kumtania.